Deni la Masomo: Ni la Mzazi ao ni la Mtoto?



Katika miaka hii jamaa zetu zimetawanyika sana. Wengi waliotoka Kivu ya Kusini, Kivu ya Kaskazini na Maniema walipita katika kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda, kisha wakapokelewa Marekani, na leo watoto wao wanamaliza masomo ya sekondari kule. Basi kutoka kule linakuja swali ambalo wazee wetu hawakulijua. Chuo kimemkubali mtoto, bei ya mwaka mmoja ni kubwa kuliko mshahara wa nyumba, na serikali ya Marekani yenyewe inasema: Baba, Mama, mimi niko tayari kukukopesha. Je, mzazi atie sahihi? Na akiisha kutia, deni hilo ni la nani mbele ya zamiri?

Kuna watu watakaosema hilo ni jambo la hesabu, si jambo la kuandikia katika kurasa hizi. Mimi naona sivyo. Hesabu inaonyesha ni feza ngapi. Haionyeshi ni nani anayepaswa kubeba, wala kama ni haki kumwomba mtu abebe kwa sababu anapenda.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Kule Marekani mtoto anayetaka kuingia chuo anajaza karatasi moja kubwa inayoitwa FAFSA. Kwa karatasi ile serikali inapima hali ya nyumba, kisha inampa mtoto wa jamaa maskini zawadi isiyorudishwa, inayoitwa Pell. Kwa mwaka wa masomo wa 2025-2026 zawadi hiyo haipiti dola 7,395. Baada ya zawadi kuna mkopo wa mtoto mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, nao una mpaka: dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 mwaka wa pili, 7,500 kwa kila mwaka unaofuata, na kwa jumla yote haupiti 31,000. Hapo ndipo shimo linapoonekana, maana vyuo vingi vinaomba zaidi ya zawadi na mkopo huo vikijumlishwa pamoja. Basi ili kulijaza shimo kuna mkopo wa tatu, unaoitwa PLUS, ambao hapewi mtoto bali mzazi wake.

Mkopo huu wa mzazi si kama ule wa mtoto. Ule wa mtoto uliotolewa kati ya 1 Julai 2025 na 30 Juni 2026 una riba ya asilimia 6.39 kwa mwaka. Ule wa mzazi katika muda ule ule una riba ya asilimia 8.94. Tena kabla feza hazijafika chuoni serikali inakata kipande chake cha kazi, asilimia 4.228. Tufanye hesabu pamoja. Mama amekopa dola 20,000. Wanakata karibu 846, kwa hiyo chuo kinapokea 19,154, lakini deni la mama ni 20,000 kamili. Akilipa kwa miaka 10, kila mwezi atatoa karibu dola 253, na mwishoni atakuwa ametoa zaidi ya 30,000. Na hiyo ni feza ya mwaka mmoja tu wa masomo! Anaweza kuomba asilipe kitu mtoto angali anasoma, na miezi sita baadaye, lakini riba hailali. Kila mwaka inaongeza dola 1,788 juu ya deni, hata kama hakuna barua inayofika nyumbani.

Nani anaruhusiwa kukopa? Mzazi aliyemzaa mtoto, ao aliyemchukua kuwa wake mbele ya hakimu. Mume wa mama ao mke wa baba anaweza pia, kama mali yake imehesabiwa katika ile karatasi. Inafaa awe raia, ao mwenye karatasi ya ukaaji wa kudumu, ao mkimbizi aliyepokelewa kwa sheria. Lakini nkambo hawezi, hata kama ndiye aliyemlea mtoto tangu maziwa. Baba mdogo hawezi. Mjomba hawezi. Shangazi hawezi.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana kwetu jambo hili ni zito. Katika lugha yetu baba mdogo ni baba. Mtoto wa ndugu yangu akiniita Papa, hasemi uongo, na mimi nikimwita mwanangu sisemi uongo. Kuna jamaa nyingi ambazo wakati wa vita walichukua watoto wa ndugu waliokufa, wakatembea nao porini, wakaandikwa pamoja kambini, wakafika Marekani pamoja. Leo karatasi inauliza: wewe ni mzazi wake? Moyo unajibu ndiyo mara moja. Lakini karatasi haiulizi moyo, inauliza kuzaa ao hukumu ya hakimu, na yule anayetia sahihi anaapa kwamba yote ni kweli. Basi neno lililo kweli katika sebule yetu linaweza kuwa uongo katika karatasi ile. Wengine watasema, kwani namzulumu nani, si naomba kubeba mzigo? Hata hivyo ni uongo, tena ni uongo unaomzuru mtoto yule yule anayesaidiwa. Maana sheria ya kule ina mlango mwingine kwa yatima. Mtoto ambaye baba na mama wamekufa wote wawili, ao aliye chini ya mlezi aliyewekwa na hakimu, anahesabiwa kuwa mtu wa kujitegemea. Hawapimi mshahara wa baba yake mdogo, kwa hiyo mara nyingi anapata zawadi kubwa zaidi, na mkopo wake mwenyewe unaanzia dola 9,500 mwaka wa kwanza na unaweza kufika 57,500 kwa jumla. Baba mdogo anayesema wazi, Mimi ni baba mdogo, wazazi wake wamekufa, hampunguzii mtoto kitu. Anamfungulia mlango.

Sasa tufike kwenye shina la swali. Serikali inamwuliza nini mzazi kabla ya kumkopesha? Inaangalia historia yake ya madeni. Kama ana madeni yanayopita dola 2,085 yaliyochelewa siku 90 ao zaidi, ao kama katika miaka mitano iliyopita alitangazwa kufilisika ao nyumba yake ilichukuliwa na wakopeshaji, anaweza kukataliwa. Hayo ni maswali ya jana. Lakini kuna swali moja ambalo haliulizwi: Je, mshahara wako unatosha kulipa? Mama anayefagia hoteli usiku na mganga mkuu wa hospitali wanapita mlango ule ule, kama wote wawili hawana deni lililochelewa. Umri nao haumzuii mtu. Baba wa miaka 62 anaweza kutia sahihi kwa deni la miaka kumi na zaidi.

Tunakumbuka habari ya yule mjane katika kitabu cha pili cha Wafalme. Mume wake alikufa na deni, na mkopeshaji akaja kuchukua wavulana wake wawili wawe watumwa. Alipomlilia Elisha, nabii aliuliza kwanza mjane ana kitu gani nyumbani. Kulikuwa na mafuta kidogo tu, na wokovu ulianzia pale, kwenye kile kilichokuwa ndani ya nyumba. Mimi naona tofauti kati ya anayekusaidia na anayekukopesha iko hapo. Anayekusaidia anauliza juu ya nyumba yako. Mkopo huu hauulizi. Nao ndugu zetu wengi wanasoma kule kutoulizwa kama wema. Wanasema, Serikali imetuamini. Wapendwa, mtu akikupa feza bila kuuliza kama utaweza kurudisha, usifikiri amekuamini. Huenda anajua tu kwamba ana njia za kuichukua tena. Na serikali ya Marekani inazo. Mzazi akikaa siku 270 bila kulipa, sheria inairuhusu kukata mpaka asilimia 15 ya mshahara wake bila kwenda mbele ya hakimu, na kushika feza za kodi zinazorudishwa kila mwaka, na hata kugusa pensheni ya uzee. Kwa kweli deni hili linafutwa mzazi aliyetia sahihi akifa, na linafutwa vilevile kama mtoto aliyekopewa akifa. Sheria haiendi kwa mjane ambaye hakutia sahihi, wala kwa watoto. Hapo inapita ile ya zamani za Elisha. Lakini mtu akiwa hai, ni vigumu sana kutoka.

Msifikiri kwamba waliotunga mkopo huu walikuwa na nia mbaya. Raisi Johnson alitia sahihi sheria ya masomo ya juu tarehe 8 Novemba 1965 katika chuo alichosoma yeye mwenyewe, katika mji wa San Marcos, jimbo la Texas, ili mtoto wa maskini naye asome. Mkopo wa wazazi uliongezwa kwa sheria ya mwaka 1980, na mwanzoni mzazi hakuweza kukopa zaidi ya dola 3,000 kwa mwaka. Ulifikiriwa kwa ajili ya jamaa zenye mali lakini zisizo na feza mkononi siku ya kulipa: wana nyumba, wana kazi nzuri, wanahitaji tu kugawa malipo. Kisha sheria ya mwaka 1992 iliondoa ule mpaka. Tangu hapo mzazi aliweza kukopa bei yote ya chuo, ukitoa tu misaada mingine. Nauli, chakula, kitanda, vitabu, yote. Polepole kitu kilichotengenezwa kwa wenye nacho kikawa kamba ya wasio nacho. Leo wazazi zaidi ya milioni 3 wanadaiwa kwa njia hii, na deni lao lote linapita dola bilioni 100.

Mwaka 2011 serikali ilikaza masharti kidogo, ikaanza kuwakataa wazazi wengi waliokuwa na madeni ya zamani. Ikawa nini? Vyuo vilivyoanzishwa zamani kwa ajili ya watu weusi, wakati walipokuwa wakifukuzwa mahali pengine, vilipoteza maelfu ya wanafunzi, maana wazazi wao hawakuwa na njia nyingine. Kukawa na kilio, na mwaka 2015 masharti yakalegezwa tena. Nawaomba mtazame jambo hili vizuri, kwa sababu wale wanaopenda majibu ya haraka huanguka hapa. Ukifunga mlango, watoto wanabaki inje. Ukiufungua, wazazi wanaingia katika deni ambalo mishahara yao haiwezi. Pande zote mbili anayeumia ni maskini. Hiyo inaonyesha kwamba shida haikuwa mlango. Shida ilikuwa bei ya nyumba iliyo nyuma ya mlango.

Na sisi Wakongomani tusijifanye kama hatuelewi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Leta iliposhindwa kulipa walimu na shule zilipofungwa, wazazi waliombwa kutoa primu ya mwalimu ili watoto wasipoteze mwaka. Ilisemwa kuwa ni kwa muda mdogo. Muda mdogo ule ulipita miaka 25. Katiba ya mwaka 2006 iliandika kwamba masomo ya msingi ni ya bure, lakini wazazi waliendelea kulipa mpaka amri ilipoanza kutumika mwaka 2019. Ni mama wangapi waliuza kitenge cha ndoa kwa ajili ya primu? Hakuna aliyewalazimisha kwa bunduki. Waliambiwa tu: ni mtoto wako. Neno lile linatosha kumfanya mzazi abebe mzigo wa Leta nzima. Basi ninapoona mzazi wa Marekani anatia sahihi kwa kiasi ambacho hata hakukisoma vizuri, namfahamu. Ni neno lile lile, limeandikwa kwa Kiingereza.

Je, ni kosa kukopa kwa ajili ya mtoto? Siwezi kusema hivyo. Mzazi kuweka kitu kwa ajili ya mtoto ni mpango wa asili, na masomo ni urithi ambao mwizi hachukui. Mtu mwenye kazi ya kudumu, anayekopa dola 5,000 ili mtoto amalize mwaka wa mwisho wa uganga ao uwalimu, akijua kila mwezi atatoa nini, huyo anafanya kazi ya baba. Ninalokataa ni fikira kwamba kadiri deni linavyokuwa kubwa, upendo nao ni mkubwa. Fikira hiyo imeingia hata makanisani. Jina la chuo linatangazwa, watu wanapiga makofi, na mzazi anaona haya kusema kwamba chuo kile kinampita. Kumbe katika mji ule ule kuna chuo cha mtaa cha miaka miwili, bei ndogo, mtoto analala kwa mama yake na kula ugali wa nyumbani, kisha anahamia chuo kikubwa kwa miaka iliyobaki na diploma anayopata mwishoni ni ya kile chuo kikubwa. Hakuna anayepigia makofi chuo cha mtaa. Mimi ningepiga.

Kuna tena haki ya ndugu kwa ndugu, ambayo watu wanaisahau. Nyumba yenye watoto watano haikopi kwa ajili ya mtoto mmoja tu. Mzazi akijifunga kabisa kwa kifungua mimba, wa tatu akifika mlangoni atakuta nini? Na mara nyingi, tuseme ukweli, kifungua mimba akiwa mvulana sahihi inatoka haraka, na dada yake akifika ndipo mnaanza kusikia habari za hekima na kiasi. Hiyo si hekima. Kama kuna mpaka, uwekwe siku ya kwanza, na uwe mmoja kwa wote.

Sasa mtoto. Kwa sheria hadaiwi hata senti moja ya mkopo wa mzazi. Hakutia sahihi, na deni haliwezi kuhamishwa kuwa kwa jina lake, hata kama baadaye anapata kazi kubwa na mwenyewe anataka. Baba na mtoto wakiandikiana karatasi nyumbani, serikali haiitambui. Basi wengine wanasema: sheria imemaliza swali, deni ni la mzazi. Na wengine, hasa wazee wetu, wanasema kinyume: deni lote ni la mtoto, maana yeye ndiye aliyekula matunda.

Mimi sikubaliani na hao wala hao. Yule aliyepokea kitu anajua amepokea, hata kama jina lake haliko kwenye karatasi. Kijana mwenye mshahara mzuri anayemwacha mama yake wa miaka 65 akilipa dola 253 kila mwezi, akijitetea kwamba hakutia sahihi, anasema kweli mbele ya hakimu, na mbele ya mama yake hana la kusema. Lakini tazama pia upande wa pili. Mtoto alikuwa na miaka 17 ao 18. Hakuonyeshwa hesabu. Aliambiwa tu, Wewe soma, mengine tuachie sisi. Kisha akimaliza, siku ya kwanza ya mshahara, anafunguliwa daftari. Je, hiyo ni haki? Huwezi kumpa mtu zawadi mwaka wa kwanza na kuigeuza kuwa mkopo mwaka wa tano. Kama ni zawadi, iwe zawadi, na mzazi asiitaje kila sikukuu. Kama ni mzigo wa pamoja, basi useme kabla, wakati mtoto bado anaweza kujibu: Papa, kama ni hivyo, twende kwenye chuo cha bei ndogo. Watoto wengi wangejibu hivyo. Hawapewi nafasi, kwa sababu wazazi wanaona haya kuwaonyesha umaskini wa nyumba, na kwa haya ile wanawaficha deni ambalo litaonekana tu.

Na yule aliyeacha masomo katikati? Deni linabaki. Wala mtoto yule asichukuliwe kama mwizi. Mzazi alipotia sahihi alijua kwamba mtoto ni mtu, si shamba. Shamba lenyewe halizai kila mwaka.

Kuna sheria mpya ambayo inafaa wandugu wa kule waijue. Ilitiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025. Kwa mikopo mipya ya wazazi kuanzia 1 Julai 2026 inarudisha mpaka ulioondolewa mwaka 1992: dola 20,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na 65,000 kwa masomo yake yote. Wale ambao mtoto wao alikuwa amekwisha kuanza na mkopo ulikuwa umekwisha kutolewa kabla ya siku ile wanapewa muda, kwa kawaida usiopita miaka mitatu, kuendelea na kiasi cha zamani. Lakini sheria ile ile imechukua kitu: mikopo hiyo mipya hailipwi tena kwa kufuata kipato cha mtu. Zamani mzazi aliyelemewa aliweza, kwa njia ya mzunguko, kupunguziwa malipo ya mwezi kulingana na mshahara wake. Kwa mkopo mpya malipo yamepangwa, mshahara upande ao ushuke. Na dola 65,000 bado ni mpaka mrefu kwa mama anayefagia hoteli. Kama ana watoto watatu, mpaka unahesabiwa mara tatu. Serikali imesema asipite hapo. Haikusema kwamba hapo anaweza kufika.

Jambo moja limewashangaza wengi walioniuliza. Mzazi akiomba PLUS na kukataliwa kwa sababu ya madeni ya zamani, analia, anaona ameaibisha mtoto. Lakini akiisha kukataliwa, mtoto anapata ruhusa ya kukopa zaidi kwa jina lake mwenyewe: dola 4,000 juu ya kiasi chake kwa kila mwaka katika miaka miwili ya kwanza, na 5,000 kwa kila mwaka baadaye, kwa ile riba ndogo ya wanafunzi. Hazijazi shimo lote. Lakini zinaweka deni kwenye mabega yenye miaka arubaini ya kazi mbele yake, badala ya mabega yaliyobakiza kumi. Ajabu yake ni hii: mzazi akisema tu, Mimi sitaki kukopa, mtoto hapati nyongeza ile. Inafaa mzazi akataliwe. Sheria imemwekea mtoto fungu kwa sababu ya aibu ya baba yake, haikumwekea kwa sababu ya busara yake.

Kwa hiyo, kabla ya sahihi, waketi mezani wote wanaoguswa: baba, mama, mwanafunzi mwenyewe, na wadogo zake wenye umri wa kuelewa. Iwekwe barua ya chuo katikati, na ile sehemu ya PLUS isomwe kwa sauti, maana vyuo vingine vinaiandika pamoja na zawadi kana kwamba ni msaada, na kuna wazazi waliodhani wamepewa. Iamuliwe ni nani kati ya baba na mama anayetia sahihi, kwa sababu deni linamfuata huyo peke yake hata ndoa ikivunjika. Iamuliwe kiasi: si kile chuo kinachoomba, bali kile ambacho nyumba inaweza kutoa kila mwezi bila kukosa kodi na chakula. Chuo hakiwezi kumlazimisha mtu kukopa kiasi chote kilichoandikwa. Mzazi anaweza kuomba pungufu.

Na kwa wale ambao wamekwisha kutia sahihi, mtoto angali chuoni: riba ya mwaka mmoja juu ya dola 20,000, kama nilivyosema, ni 1,788. Hiyo ni dola 149 kwa mwezi. Kijana anayefanya kazi siku ya Jumamosi anaweza kuzilipa tangu mwaka wake wa kwanza, ili deni la mama lisikue wakati yeye anasoma, na serikali inapozipokea haiulizi zimetoka katika mkono wa nani.